Baraza la Walimu: Watoto 78, dakika 35 na rundo la karatasi

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka Nairobi, na zinalia kilio kimoja: kazi ya kuandika kuhusu kufundisha inakula muda wa kufundisha. Tumechagua sita. Zilizofanana tumezijibu pamoja.

*Nafundisha Gredi ya 5 katika shule ya umma hapa Kayole. Darasa lina watoto 78. Naagizwa kila jioni nipeleke ofisini karatasi ya tathmini iliyojazwa kwa kila mtoto, kwa kila kipindi. Nikijaza ukweli silali, nikijaza uongo moyo unanisuta. Nifanyeje?* – Mwalimu, Kayole

Mwalimu, tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo itakayokutetea. Kipindi cha Gredi ya 4 hadi ya 6 ni dakika 35, yaani sekunde 2,100. Ukizigawa kwa watoto 78, kila mtoto anapata sekunde 27, na hapo hujafundisha neno wala kufuta ubao. Karatasi yenye majina 78 yaliyopimwa katika kipindi kimoja haiwezi kuwa ya kweli, hata mwalimu awe hodari namna gani. Moyo wako unakusuta kwa haki.

Na mtaala wenyewe haukudai hivyo. Fungua kitabu cha usanifu wa mtaala kilichotolewa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, somo lolote. Jedwali la vigezo vya kutathmini, lile lenye ngazi nne za kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio, limefungamanishwa na mada. Halikufungamanishwa na kipindi. Mada huchukua vipindi kadhaa, na mtoto anapimwa katika muda huo wote. Hapo ndipo pa kuchukua nafasi.

Ligawe darasa makundi manane: sita ya watoto kumi kumi, mawili ya watoto tisa tisa. Yapange kwa kufuata madawati. Usiyapange kwa uwezo wala kwa orodha ya majina, ili usipoteze dakika kutafutana. Kila kipindi angalia kundi moja tu kwa makini, huku darasa zima likifundishwa kama kawaida. Kiswahili kina vipindi vinne kwa wiki katika gredi hizo, kwa hiyo wiki mbili zikiisha umemwona kila mtoto mara moja, umemwona kwelikweli.

Tuseme unafundisha kusoma kwa ufasaha. Kabla ya kuingia darasani amua mambo matatu utakayoyasikiliza, yasizidi: matamshi, kasi, na kupumzika penye alama za uakifishaji. Wengine wakiwa wanajibu maswali ya kifungu katika madaftari, kundi la siku linasoma, kila mtoto sentensi tatu. Nusu dakika kwa mtoto, dakika tano kwa kundi. Unatembea na daftari moja la miraba, majina upande wa kushoto, mada juu, na unaandika kwa penseli palepale: 4, 3, 2 au 1. Mwenye 1 au 2 mwandikie maneno machache kando, kwa mfano “anasoma silabi, haunganishi” au “anaruka nukta”. Maneno hayo ndiyo yatakayokuambia umfanyie nini wiki ijayo. Namba peke yake haikuambii.

Mambo matatu huharibu utaratibu huu. La kwanza ni kujaza Ijumaa alasiri kwa kukumbuka. Kumbukumbu humpa alama nzuri mtoto mchangamfu, humpa alama mbaya mtundu, na mtoto mtulivu wa dawati la nyuma huandikiwa “kukaribia matarajio” muhula mzima bila mtu kumsikia akisoma. La pili ni kumkisia asiyekuwapo. Andika “H” mbele ya jina lake, umsikilize kundi linalofuata. La tatu ni kupima mambo saba kwa mkupuo, ukaishia kutopima hata moja.

Sasa namna ya kulifikisha jambo hili kwa mwalimu mkuu. Usilizue kwenye kikao mbele ya wenzako, maana mkubwa akibanwa hadharani hana njia ila kukataa. Nenda na daftari lenyewe likiwa tayari lina wiki mbili za rekodi, pamoja na barua ya nusu ukurasa yenye idadi ya watoto, dakika za kipindi, utaratibu wa makundi manane, na ombi kwamba rekodi hii ichukue nafasi ya karatasi ya kila siku. Muulize kwa heshima kama karatasi ile imeagizwa na waraka wowote. Mara nyingi utakuta ni desturi iliyoanzia kwenye semina fulani na hakuna aliyerudi kuitazama. Kumbukumbu zako za msingi ziwe kamili: azimio la kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi, rejista ya mahudhurio, na rekodi ya maendeleo ya mwanafunzi, ambayo ndiyo hilo daftari la miraba. Afisa akija kukagua, hizo ndizo atakazoomba.

*Muda wa kupakia alama za tathmini ya shuleni ukikaribia kwisha nakesha na simu, ukurasa unazunguka tu. Bando ni langu. Tena kuna wanafunzi wanne wa Gredi ya 8 waliohamia kwetu ambao hawaonekani kwenye orodha.* – Mwalimu wa sekondari ya msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9), Kawangware

Uzito wa jambo hili usipuuzwe. Katika matokeo ya mwisho wa Gredi ya 9, mtihani wa KJSEA una asilimia 60, KPSEA aliyofanya mtoto Gredi ya 6 ina 20, na tathmini ya shuleni ya Gredi ya 7 na 8 ina 20. Mtoto asiyeonekana kwenye orodha yako leo ataonekana na pengo kesho kutwa.

Kwa hiyo anza na orodha. Siku kazi za tathmini za KNEC, baraza la mitihani la Kenya, zinapotolewa, kabla hata ya kuchapisha karatasi, linganisha majina yaliyo kwenye mfumo na rejista yako, jina kwa jina. Aliyehamia huja na namba yake ya tathmini kutoka shule ya zamani. Namba hiyo ni yake hadi amalize, na kazi ni kuihamisha. Kuhamisha hufanywa na walimu wakuu wa shule zote mbili kwenye mfumo, kwa hiyo mpe mwalimu mkuu wako karatasi yenye jina kamili la mtoto, namba yake, na jina la shule alikotoka, ukampigie kumbusho baada ya siku tatu. Kosa baya kuliko yote ni kumsajili upya ili mambo yaende haraka. Atakuwa na namba mbili, na alama zake za zamani zitabaki kwenye namba ambayo hakuna anayeitazama.

Kuhusu kupakia: andika alama kwanza kwenye karatasi, kwa mpangilio uleule wa majina ulio kwenye mfumo. Mpangilio wa rejista hautakufaa hapo. Kosa tunalolisikia zaidi ni kuteleza mstari mmoja, halafu kuanzia jina la kumi na mbili kila mtoto ana alama za mwenzake. Fanyeni kazi wawili, mmoja asome jina na alama kwa sauti, mwingine aandike. Maliza somo moja, hifadhi, toka kabisa, ingia tena uhakikishe zimekaa, kisha uhifadhi nakala ya ukurasa huo. Usingoje wiki ya mwisho, maana ndipo nchi nzima inapoingia. Saa kumi na moja alfajiri katikati ya kipindi cha kupakia, ukurasa hufunguka bila shida.

Bando na uchapishaji ni gharama za shule. Serikali imepanga takriban Sh15,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya msingi. Fedha hizo zikichelewa, kama zinavyochelewa mara nyingi, deni bado ni la shule. Andika ulichotumia, ambatisha stakabadhi, ukabidhi kwa mwalimu mkuu na ubaki na nakala.

*Nilisomea Kiswahili na Historia. Sasa ratiba inasema nifundishe Sayansi Jumuishi Gredi ya 7. Maabara hatuna, tumo ndani ya shule ya msingi. Naogopa kuwapotosha watoto.* – Mwalimu, Mukuru

Sekondari ya msingi ilipoanza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, shule nyingi zilipata mwalimu mmoja au wawili, na masomo hayakusubiri. Mwaka 2024 masomo ya lazima yalipunguzwa hadi 9, ila upungufu wa walimu wa sayansi haukuondoka. Hofu yako ni ya mwalimu mwaminifu.

Kwanza, liandike jambo hili. Mjulishe mwalimu mkuu kwa barua fupi kwamba unalipokea somo kwa sababu hakuna mwingine, kwamba hukulisomea, na kwamba unaomba mambo mawili: kubadilishana vipindi na mwenzako yeyote mwenye msingi wa sayansi, hata wa shule jirani, na nafasi ya kwanza mafunzo ya somo hilo yatakapotangazwa. Barua hiyo itakulinda siku matokeo yatakapoulizwa, na itampa mwalimu mkuu kitu cha kuonyesha anapoomba mwalimu.

Pili, usiogope ukosefu wa maabara katika Gredi ya 7. Chukua mada ya asidi, besi na viashiria. Inafanyika vizuri juu ya dawati. Kwa darasa la watoto 60 katika makundi kumi, nunua nusu ya kabichi ya zambarau. Katakata nyembamba, mimina lita mbili za maji yaliyochemka, funika kwa dakika 15, chuja. Utapata maji ya zambarau iliyoiva. Kila kundi lipate vikombe vitano vyeupe au vya kuonekana ndani, kila kimoja na vijiko viwili vikubwa vya maji hayo. Kikombe cha kwanza watie matone kumi ya ndimu, cha pili siki, cha tatu nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea, cha nne kijiko cha maji ya majivu yaliyochujwa, cha tano maji ya chumvi. Ndimu na siki hugeuza rangi kuwa nyekundu au waridi. Soda huleta buluu, majivu huleta kijani. Cha chumvi hakibadiliki, na usikiache, kwa maana hicho ndicho kinachowafundisha kwamba si kila kitu ni asidi au besi.

Litakaloharibika: ukitumia maji ya kisima cha kuchimba, ambayo hapa Nairobi mara nyingi yana magadi, rangi itaanza na ubuluu kabla hujatia chochote. Tumia ya mvua. Kijiko kimoja kikizunguka vikombe vyote, majibu yanachanganyika, kwa hiyo kila kikombe na kijiti chake. Maji ya kabichi yakilala huchacha, yachemshe asubuhi ya siku hiyo. Na tafadhali, dawa ya kung’arisha nguo isiguse meza hiyo. Inafuta rangi, na ikikutana na ndimu au siki hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Asidi ya betri pia isikaribie watoto, hata kama kitabu kimeitaja.

Jaribu lote nyumbani jioni ya kabla. Ukiulizwa swali usilolijua, liandike kwenye kona ya ubao, ulirudie kipindi kijacho na jibu. Anayepotosha ni yule anayejibu tu ili anyamazishe swali.

*Naambiwa nisiporudisha nambari za vyeti vya kuzaliwa za watoto wote, kosa ni langu. Wazazi wengine hawana hivyo vyeti kabisa. Mimi ni mwalimu au karani?* – Mwalimu wa darasa, Mathare

Wewe ni mwalimu. Ila ujue kwa nini wanakuhangaisha: fedha za serikali hufuata watoto walioandikishwa kwenye mfumo wa taarifa za elimu, na mfumo umekuwa ukidai nambari ya cheti cha kuzaliwa ili mtoto apate namba yake. Elimu ya msingi imepangiwa Sh1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Watoto 20 wasioonekana ni Sh28,400 ambazo shule haipati, huku watoto hao wakikaa madawati yaleyale na kutumia chaki ileile. Tunaona ni makosa mtoto kukosa fungu lake kwa sababu ya karatasi ya mzazi, na tutaendelea kulisema.

Unachoweza kufanya bila kugeuka karani ni kuwatenga watoto katika mafungu matatu. Wenye cheti ila hakijaletwa: hao ni wa ujumbe mmoja kwa mzazi, apige picha ya cheti kizima, pembe zote nne zikionekana. Wenye cheti chenye jina tofauti na la rejista: hapa rejista ndiyo ifuate cheti, na ukibadilisha, badilisha kila mahali siku hiyohiyo, pamoja na usajili wa tathmini, la sivyo jina litakusumbua Gredi ya 6. Wasio na cheti kabisa: mzazi anahitaji usajili wa kuchelewa, kwa kuwa miezi sita tangu kuzaliwa imekwisha pita. Atatafuta karatasi ya taarifa ya kuzaliwa kutoka hospitali, au kadi ya kliniki au ya ubatizo, kitambulisho chake, na uthibitisho wa chifu. Maombi huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na Huduma Centre ya pale GPO humsaidia asiyejua mtandao. Shule imwandikie barua ya kuthibitisha mtoto anasoma hapo. Waalike wazazi wa fungu hili siku moja, chifu aombwe aje shuleni. Saa tatu za chifu chini ya mti huokoa muhula mzima wa kufukuzana.

Kisha peleka orodha ya fungu la tatu kwa mwalimu mkuu, yenye tarehe na hatua alipofikia kila mzazi. Ukishaikabidhi, lililobaki ni la ofisi.

*Katika TPAD, yaani upimaji wa utendaji kazi wa walimu, nimepewa kiwango cha chini kwa kukosa maandalio ya somo yaliyopigwa chapa. Yangu yameandikwa kwa mkono na yako kamili.* – Mwalimu, Eastlands

Andalio hupimwa kwa yaliyomo: mada, matokeo yanayotarajiwa, swali dadisi, shughuli za mwanafunzi, nyenzo, tathmini na tafakari. Mwandiko wa mkono unatosha. Tangu TPAD ianze mwaka 2016 utaratibu umekuwa kwamba mwalimu anajipima, msimamizi anampima, kisha wawili hao wanaketi kuzungumza juu ya ushahidi. Dai kikao hicho kama hakijafanyika. Nenda na maandalio ya wiki mbili mfululizo, yenye tafakari iliyojazwa baada ya kipindi, kwa sababu tafakari tupu ndiyo hoja ya kweli ambayo msimamizi anaweza kukushikia. Msipokubaliana, andika maoni yako kwenye fomu kabla ya kuithibitisha, kisha ombi kwa mwalimu mkuu. Kunyamaza ukathibitisha husomeka kama umekubali.

*Maagizo huja kwa WhatsApp saa nne usiku: kesho leteni hiki, Jumamosi fundisheni, likizo watoto warudi. Je, ni lazima?* – Walimu watatu, Embakasi

La likizo halina mjadala: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza masomo ya likizo, na anayekiuka anatenda kosa. Saa za masomo kwa shule za kutwa zimewekwa na kanuni za 2015, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha michezo na vyama. Anayekutuma ufundishe nje ya hapo akuandikie kwa jina lake. Wengi hawaandiki.

Maagizo mengine yapimeni hivi. Waraka halisi una nambari ya kumbukumbu, tarehe, na sahihi ya aliyeutoa. Ujumbe wa simu ukidai umetoka juu, jibuni asubuhi, kwa adabu: “Tumepokea. Tunaomba nakala ya waraka ili tutekeleze sawasawa.” Hakuna mkubwa anayeweza kuliita jibu hilo utovu wa nidhamu. Nakala isipopatikana na jambo ni zito, Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuiomba kwa maandishi kutoka ofisi ya umma, nayo inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Uamuzi ukikuumiza, Ibara ya 47 inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ofisi ikikaa kimya, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambako kulalamika hakutozwi ada.

Barua ziandikwe na walimu wote watatu, sahihi tatu kwenye ukurasa mmoja. Nakala moja ibaki kwa mwakilishi wa chama chenu, KNUT au KUPPET, na nyingine nyumbani, mbali na kabati la shule.